Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Muuguzi, Mtoto Mgonjwa na Familia Yake Katika Mikoa ya Mtwara na Lindi

Maswali haya yanarudiwa na wauguzi wapya na wanafunzi wa uuguzi wanaopangiwa zahanati, vituo vya afya na hospitali za Mtwara na Lindi, wengi wao wakitoka mikoa mingine. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini mazungumzo na mzazi yahesabiwe kuwa sehemu ya uchunguzi, wakati vipimo ndivyo vinavyoonyesha ugonjwa?

Kwa sababu mtoto wa miezi minane hawezi kukueleza kwamba usiku kucha hakunyonya, na kipimajoto nacho hakiwezi. Anayejua ni yule aliyelala naye. Historia ya ugonjwa wa mtoto imo mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo atakupa yote au atakupa nusu kulingana na namna ulivyompokea. Mama aliyefokewa mlangoni kwa kuchelewa hatasema kwamba alianzia kwa mganga. Atasema homa ilianza jana, nawe utapanga huduma ya homa ya siku moja kumbe ni ya siku tano.

Kwa hiyo maneno ya mzazi yaandikwe kwenye faili kwa uzito uleule unaopewa joto na kilo. Mama akisema "mwanangu leo hayuko kama nilivyomzoea", hayo ni matokeo ya uchunguzi hata kama joto linasoma 36.8, na yanakutaka umtazame mtoto huyo mara ya pili.

2. Wakishaingia ndani, nianze na nani?

Anza na salamu, na uanze na mkubwa. Bibi aliyemleta mjukuu apewe shikamoo yake kabla ya kuulizwa jambo lolote, kwa kuwa muuguzi kijana anayeiruka salamu hiyo huonekana hana adabu, na majibu atakayopata baada ya hapo huwa mafupi. Uliza jina la mtoto, kisha ulitumie. Keti, usizungumze ukiwa umesimama juu ya watu, na mwache mtoto abaki mapajani mwa aliyemleta.

Baada ya hapo uliza swali lililo wazi, kwa mfano "Mtoto anasumbuliwa na nini?", na umwache mzazi amalize bila kumkatiza. Maswali ya "ndiyo" au "hapana" yana nafasi yake baadaye, lakini ukianza nayo utapata majibu ya heshima tu: wazazi wengi hukubali wanachodhani muuguzi anataka kusikia. Tarehe nazo hazikumbukwi vizuri, kwa hiyo uliza kwa kufuata mambo ya maisha yao: homa ilianza kabla ya Ijumaa au baada yake, kabla ya siku ya mnada, wakati baba yuko shambani au amekwisharudi.

3. Foleni imefika nje ya uzio. Muda wa mazungumzo marefu nitautoa wapi?

Foleni haikuondolei wajibu wa kuuliza; inakubadilishia mpangilio tu. Pita kwenye benchi mwenyewe, tazama watoto wote, na uulize kila mzazi wa mtoto wa umri wa chini ya miaka mitano: je, anaweza kunywa au kunyonya, je, anatapika kila kitu anachopewa, je, amepata degedege katika ugonjwa huu? Wakati unauliza, macho yako yatafute mtoto aliyelegea kupita kiasi au asiyeshtuka akiguswa. Mwenye dalili hata moja kati ya hizo anatangulia, na wengine waelezwe sababu kwa sauti ili isionekane kuwa ni upendeleo. Mtoto aliyefika hana fahamu amejadiliwa katika swali la 21.

Mama akijibu kwamba mtoto hanyonyi, usiandike hivyo na kupita. Mwombe amweke kwenye titi mbele yako, nawe utazame.

## Kuzungumza na mtoto kwa kufuata umri wake

4. Mtoto mchanga haelewi maneno. Kuna haja ya kuzungumza naye?

Ipo. Sauti ya chini, mikono iliyopashwa joto na mwendo wa polepole humfanya atulie, na mtoto aliyetulia ndiye anayepimika. Mama anayeona unazungumza na mwanawe naye hulegea. Kuanzia miezi sita hadi minane mtoto huanza kuwaogopa watu asiowajua. Hilo ni dalili ya kukua vizuri, na halimaanishi kwamba amedekezwa.

5. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anaanza kulia akiiona tu sare yangu. Nifanyeje?

Usimfuate. Zungumza na mama kwanza kana kwamba mtoto hayupo, ukiwa umeketi na bila kumkazia macho, ili apate muda wa kukuchunguza yeye mwenyewe. Mpe ashike stetoskopu. Iweke kwanza kwenye mkono wa mama, halafu kwenye mguu wa mtoto, na mwisho kifuani. Mpe uchaguzi ulio wa kweli, kama vile mkono upi uanze, usimwombe ruhusa ambayo hutaiheshimu, kwa kuwa ukimuuliza "nikupime?" atasema hapana, na ukiendelea utakuwa umemfundisha kwamba neno lake halina maana.

Wazazi nao waombwe kwa upole waache kusema "nyamaza, nesi atakuchoma sindano". Maneno hayo yanasemwa karibu kila kliniki ya mama na mtoto, na matokeo yake tunayaona sisi: watoto wanaotetemeka hata wakija kupimwa uzito tu.

6. Je, nimwambie kwamba sindano haiumi?

Hapana, kamwe. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita huyachukua maneno kama yalivyo, na akigundua kwamba umemdanganya hatakuamini tena, wala hatamwamini muuguzi atakayemfuata. Mwambie ukweli kwa kiasi anachoweza kukibeba: "Utasikia kama umefinywa, kisha itaisha. Kulia unaruhusiwa, ila mkono utulie." Mwambie muda mfupi kabla ya tendo lenyewe, kwa sababu akiambiwa asubuhi jambo la mchana, mchana wote utakuwa wa hofu.

Katika umri huo watoto wengi huamini kwamba ugonjwa ni adhabu. Sema bila kuulizwa: "Hukuumwa kwa sababu ulifanya utundu." Sentensi hiyo moja hufungua midomo ya watoto waliokuwa wamekaa kimya.

7. Mtoto wa shule ya msingi aulizwe mwenyewe au aulizwe mzazi?

Aulizwe mwenyewe kwanza, kisha mzazi aongeze. Anaweza kueleza maumivu yanapoanzia, yanakokwenda na yanayoyazidisha, mradi asiharakishwe, na hufurahi kuelezwa kifaa kinavyofanya kazi.

Kwa mikoa hii yupo mtoto wa namna ya pekee: mvulana aliyetoka jandoni, aliyeletwa kwa sababu ya kidonda au homa. Huyo ameambiwa kwamba mambo ya jandoni hayasimuliwi nje, na muuguzi hana haja ya kumvunjia kiapo. Uliza kuhusu mwili wake tu: damu imekatika, anakojoa bila shida, kidonda kinatoa usaha, taya zinakaza, homa ilianza lini? Wavulana hao hupimwa vizuri zaidi na muuguzi mwanamume pale anapopatikana, na asipopatikana, mwanamume wa familia asimame ndani.

8. Na kijana aliyebalehe?

Mpe muda wa kuzungumza peke yake, na uufanye kuwa utaratibu wa kila kijana ili mama asidhani kwamba binti yake anashukiwa jambo. Anza na mambo mepesi, nyumbani na shuleni, kisha chakula, marafiki, pombe, huzuni, na mwisho mahusiano. Mweleze mapema siri ipi utaitunza na ipi huwezi kuitunza. Kuhusu msichana aliyepitia unyago, usichukulie kwamba anajua yote kuhusu mwili wake kwa kuwa amefundwa, wala usidharau alichofundishwa. Muulize anachokijua, uongeze kinachokosekana. Yanayohusu sheria yapo katika swali la 18.

## Kumpima mtoto

9. Nianze kupima wapi?

Anza na kinachohitaji utulivu, malizia na kinacholiza. Tazama kabla ya kugusa: rangi ya viganja, namna mtoto anavyokaa, anavyomwangalia mama. Hesabu pumzi, sikiliza kifua, gusa tumbo. Masikio, koo, sehemu inayouma na kuchoma kidole kwa ajili ya kipimo cha haraka cha malaria vije mwishoni. Mtoto wa miaka saba na kuendelea anaweza kupimwa kuanzia kichwani hadi miguuni kama mtu mzima. Dalili za hatari zilizotajwa katika swali la 3 zikionekana, mpangilio huu unawekwa kando.

10. Nihesabu vipi pumzi za mtoto aliyefungwa kwenye kanga mgongoni mwa mama?

Mwombe mama amshushe polepole na kumpakata, alegeze fundo la kanga na kupandisha kishati hadi kifua na tumbo vionekane, halafu nyote wawili mnyamaze. Kama mtoto amelala, usimwamshe. Shika saa yako karibu na kifua chake ili uone vyote kwa mtazamo mmoja, na uhesabu kwa dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili kunapotosha, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mwendo mmoja.

Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili aliyefika 60, hesabu tena kabla ya kuamua. Tazama pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi. Mtoto anayelia hahesabiwi. Msubiri, au mpe anyonye kwanza.

11. Nitajuaje mtoto ana maumivu kiasi gani?

Kwa asiyeweza kusema, tazama mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anafarijika akibebwa. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ya juu ni 10. Kuanzia miaka mitatu hivi mtoto anaweza kuonyesha kwa kidole picha ya uso unaofanana na anavyojisikia, na kuanzia miaka minane anaweza kutaja namba.

Kilio peke yake ni kipimo dhaifu. Mtoto aliyelala kimya, asiyetaka kusogezwa, mara nyingi ana maumivu makali kuliko anayepiga kelele, na mvulana aliyefundishwa uvumilivu jandoni anaweza kukuambia hana kitu huku ameuma meno. Muulize mama mtoto huyu huwaje anapoumia.

12. Nikipima lishe, nizungumze nini bila kumwaibisha mama?

Mzunguko wa mkono kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, na kama shimo linabaki kwenye yote miwili, ni utapiamlo mkali hata kama mkono unaonekana mnene. Kisha ufungue kadi ya kliniki pamoja na mama na umwonyeshe mstari wa uzito, kwa sababu kadi ni yake na ana haki ya kuielewa.

Usimuulize kwa nini hamlishi mtoto. Muulize amekula nini tangu jana asubuhi, na usifu kilicho kizuri kabla ya kushauri. Ukisikia uji wa muhogo mtupu mara tatu, usimshauri nyama na maziwa asivyovipata. Ongea juu ya karanga, ufuta, mbaazi, kunde na dagaa, ambavyo vimo nyumbani mwake au kwa jirani, na namna ya kuvisaga na kuvitia kwenye uji uleule. Kabla ya kumweleza kuhusu kunawa mikono, muulize anapata wapi maji. Kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ndoo ya maji huwa na thamani kubwa, na ushauri usioijua thamani hiyo husikilizwa kwa heshima na kuachwa mlangoni. Kama mtoto amekonda na mama hataki kukutazama usoni, soma swali la 16.

## Familia

13. Mama anasema hawezi kuamua mpaka mjomba aje. Je, anakwepa?

La. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, na kaka wa mama ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake. Mama anayesaini peke yake jambo zito anaweza kuachwa peke yake likiharibika. Mwombe ampigie simu mjomba hapo hapo, umwamkie, umweleze hali kwa maneno yaleyale uliyompa mama, na umwambie wazi ni saa ngapi mnazo. Baba naye asisahauliwe. Hata hivyo, huduma ya kuokoa maisha haimsubiri mtu yeyote.

14. Bibi anazungumza Kimakonde au Kimwera na Kiswahili chake ni kidogo. Nani atafsiri?

Mtumishi mwenzako au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Usimtumie dada wa mgonjwa mwenye miaka tisa kutafsiri habari za damu na choo. Hata kukiwa na mkalimani, mtazame bibi unapozungumza.

15. Mtoto mwenye degedege amepelekwa kwa mganga kwanza. Nimwambie nini mama?

Mwambie amefanya vizuri kumleta. Wapo watu wanaoamini kwamba degedege ni la kishetani na kwamba mtoto akichomwa sindano katika hali hiyo atakufa. Mama aliyekulia ndani ya imani hiyo na bado akaja kwako ametembea umbali mkubwa kuliko ule wa barabara. Ukimkaripia, safari ijayo atachelewa zaidi, na malaria kali na homa ya uti wa mgongo hazisubiri.

Uliza bila hukumu mtoto alipewa nini, kwa mdomo au kwa kufukizwa, alichanjwa chale wapi, na saa ngapi, kwa kuwa dawa nyingine zinaathiri fahamu na sukari ya mwili. Eleza kila sindano kabla ya kuichoma: inakwenda kufanya nini na kwa nini sasa. Kabla hawajaondoka, onyesha mama namna ya kumlaza mtoto kwa ubavu degedege likirudi, bila kumtia kijiko wala kitu kingine mdomoni.

16. Mama anaogopa kuambiwa kwamba "amembemenda" mtoto. Nishughulike vipi na hilo?

Hili ni kati ya mambo yanayowaficha watoto wenye utapiamlo majumbani. Inaaminika kwamba mtoto hukonda kwa sababu wazazi walikutana kimwili kabla hajaachishwa ziwa, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa. Kwa hiyo mwili wa mtoto unasomwa na majirani kama ushahidi dhidi ya mama. Hatakutajia. Atakaa kimya, au atamtuma bibi alete mtoto.

Litaje wewe kwa faragha na kwa upole: "Wapo watakaokwambia mambo mengi kuhusu mtoto huyu. Mimi nakwambia amepungukiwa chakula na ana maradhi yanayotibika." Kama familia nzima ipo na yeye anakubali, rudia maneno hayo mbele ya mama mkwe na mume, kwani sauti ya muuguzi yaweza kumwondolea lawama ambayo yeye mwenyewe hawezi kuijibu. Usiruhusu mtumishi yeyote kulifanyia utani benchini.

17. Nitajuaje kwamba mama ameelewa maelekezo?

Usimuulize "umeelewa?", kwa sababu jibu ni ndiyo daima. Muulize afanye: "Nionyeshe utakavyopima maji ya kuchanganyia ORS" (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha), na umpe chupa tupu ya maji ili aoneshe ujazo ulioandikwa kwenye pakiti. Dozi ya kwanza aitoe yeye mbele yako. Zinki itolewe siku zote 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma, na amalize dawa mseto ya malaria hata homa ikishuka. Mwisho akutajie mwenyewe dalili zitakazomrudisha haraka: mtoto kushindwa kunywa, kuzidiwa, kupumua kwa shida, damu kwenye choo.

## Mazingira magumu

18. Binti wa miaka 15 anataka kupimwa VVU na hataki mama ajue. Inaruhusiwa?

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na zaidi anaweza kuridhia kupimwa VVU bila idhini ya mzazi, na majibu ni yake. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, hivyo ukiona dalili kwamba anaumizwa au analazimishwa, unahamia swali la 19. Mweleze hivyo kabla hajakusimulia.

19. Maelezo ya familia hayalingani na majeraha ninayoyaona. Nifanye nini?

Tibu kwanza, mtoto hasubirishwi kwa sababu ya fomu. Andika maneno ya kila mmoja kama yalivyosemwa, pamoja na ukubwa, rangi na mahali pa kila jeraha, bila kutoa hukumu. Zungumza na mtoto mara moja, kwa maswali yaliyo wazi, wala usimtajie jina la mtu yeyote. Usimhoji mtuhumiwa. Mjulishe msimamizi wako na afisa ustawi wa jamii, na polisi kupitia Dawati la Jinsia na Watoto, ambako fomu namba 3 ya polisi hupatikana. Simu ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116. Kama ni ubakaji au ulawiti, dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora.

20. Mama anakataa rufaa. Nimwachie?

Tafuta kwanza kinachomzuia, kwa maana neno "sitaki" mara nyingi limebeba kitu kingine: nauli, watoto aliowaacha, korosho zilizodondoka shambani katikati ya msimu, au mtoto wa jirani aliyepelekwa hospitali ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), asirudi. Kila kizuizi kina jibu lake, na mengine yanatatuliwa kwa simu moja (tazama swali la 13). Kutoka Liwale au vijiji vya Nanyumbu safari ni ndefu, kwa hiyo mweleze atakavyosafiri, atakayempokea, na atakachofanyiwa. Akiendelea kukataa, mpe matibabu unayoweza, panga arudi kesho, na mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii nyumbani jioni ileile.

21. Mtoto amefika hana fahamu na mama analia. Nizungumze na nani, saa ngapi?

Mikono yako iwe kwa mtoto: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, sukari. Mtumishi mmoja apewe kazi ya kusimama na mama na kumuuliza machache tu: ilianza lini, amepewa nini, amewahi kuumwa hivi. Mama akitaka kubaki ndani, abaki, mradi yupo wa kumweleza kinachofanyika.

Mtoto akifariki, mpeleke mama mahali penye faragha, aketi, na umwambie kwa neno lililo wazi kwamba amefariki. Usiseme "tumempoteza" wala "hali imebadilika", kwa kuwa atabaki akisubiri. Mwache ambebe mwanawe akitaka. Muulize nani aitwe, na umngojee huyo aje kabla hajaachwa peke yake. Familia nyingi za pwani hii ni za Kiislamu na huzika mapema, kwa hiyo kibali cha mazishi kiandikwe na kukabidhiwa bila kusubiri zamu inayofuata.